Habari Kuu za Kutiwa Masizi kwa Fimbo ya Fundi

Sogezeni vigoda, enyi mliokaa na enyi mliosimama. Zimeni redio, funikeni sufuria isije ikatia neno lake, na yule anayekata kucha pale mlangoni aache kwanza, maana habari inayokuja haivumilii mlio wa ukucha. Mmekwisha kusikia za majemadari waliovuka milima, na za wafalme waliozingirwa miaka saba ndani ya kuta zao hata wakala ngozi za viatu. Hizo wekeni kando, ni hadithi za kulazia watoto. Leo zasimuliwa habari za mtu mmoja, fimbo moja na vijiko vitatu vya masizi. Basi anayetaka kuhema na aheme sasa, mbele ya safari hapana nafasi.

Palikuwa na Fundi. Mtaani aliitwa hivyo tu, kwa kuwa cherehani yake ilisikika toka kona ya kwanza hata ya mwisho. Lakini kwenye ukumbi wa snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, kule walikokusanyika wanaume wenye subira na wake wenye subira zaidi, aliitwa Jicho Moja. Alipolenga mpira alilifumba jicho la kushoto, na mara nyingine akalisahau, akarudi nyumbani nalo limefumbwa, akala, akashukuru, na kulifumbua mkewe alipomuuliza kama ameingiwa na mdudu. Huyo ndiye Bwana wa Pindo, Mwenye Mita Shingoni, Mpanda Pedali asiyechoka, aliyekaa nyuma ya cherehani miaka thelathini na minne bila kusogea hata hatua moja, ila alikuwa amesafiri sana.

Naye alikuwa na sheria moja, ambayo kila aliyejifunza kazi kwake alifunzwa kabla hajagusa sindano: *Fuata uzi*. Ukikata, fuata uzi. Ukipiga pasi, fuata uzi. Ukipangusa vumbi juu ya kitambaa, pangusa kwa kufuata uzi, maana ukikata njia ya uzi umekitukana kitambaa, nacho kitakulipiza siku ya harusi mbele ya watu. Sheria hii ilimwingia mifupani. Hata kipara chake alikipangusa toka mbele kwenda nyuma, kwa kufuata uzi wa nywele zilizokuwako zamani.

Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Watoto, alikuwa mwanamke mpole, mpenda vitendawili, asiyejua kushona. Si kwamba alishona vibaya; hakushona kabisa. Siku ya tatu ya ndoa yao sindano ilimchoma kidole, akaiweka mezani, akasema, "Nimeolewa na fundi, nahangaika na nini?" Tangu siku ile hakutunga uzi tena, na vifungo vyote vya nyumba ile alivishona mume. Ndugu wote walilijua jambo hili. Likumbukeni, lina kazi huko mbele.

Sasa ingia, ewe fimbo! Ilikuwa nyembamba, ndefu, yenye pete ya shaba shingoni na ncha ya ngozi kichwani. Mti wake ulitoka nchi za baridi, mti wenye mishipa mipana iliyo wazi kama nyufa. Na mafundi wa zamani waliijaza mishipa ile kwa weusi, ikaonekana juu ya mwili mweupe kama mishale, mmoja ndani ya mwingine, yote ikielekea mbele. Mshale mkubwa kuliko yote ulikaa karibu na mkono. Fundi alipoinama kupiga, kwanza aliizungusha fimbo mpaka Mshale Mkubwa ukatazama dari, ndipo akafumba jicho. Ule ndio uliokuwa dira yake na mnara wake. Bila mshale ule hakujua mgongo wa fimbo ni upi na tumbo ni lipi.

Na hapa ndipo balaa lilipobisha hodi, likafunguliwa, likapewa kiti.

Jumatatu moja Fundi aliona fimbo inanata mkononi. Miaka ya jasho na chaki inayopakwa ncha ilikuwa imeigandia. Mtu mwingine angeipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Lakini fundi cherehani hujua ya kwamba kitambaa hakikatwi kabla hakijaoshwa, na kilichochafuka hakina dawa ila maji ya moto. Akachukua beseni. Akachukua sabuni ya mche. Akachukua na kile chuma cha kusugulia sufuria, akaisugua fimbo toka shingoni hata mkiani, akiimba, kwa kufuata uzi. Kisha akaisuuza mara mbili, akaikung'uta, akaianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio vitatu, kati ya shuka na fulana.

Ndani ya beseni maji yalikuwa meusi. "Tazama uchafu uliotoka," akasema kwa fahari. Ole wako, Mwenye Mita Shingoni! Haukuwa uchafu. Ilikuwa mishale.

Jumanne akaingia nayo ukumbini. Fimbo ilikuwa imepauka kama mfupa uliosahauliwa juani. Pale mezani alikuwa anamngoja shemeji yake Kinyozi, ndugu mdogo wa Mama Watoto, Simba wa Wembe, mtu ambaye alinyoa taratibu kusudi amalize alichokuwa anasema.

Kinyozi akaizunguka fimbo kama mtu anayenunua mbuzi.

"Shemeji," akanena, "hili ni fagio lililokatwa kichwa, au dada kakutuma dukani ukarudishe mwiko?"

"Ni fimbo yangu ileile."

"Ileile! Basi imeona nini njiani hata ikatoka rangi hivi? Mpe kiti akae, mgonjwa huyu."

Wakacheza. Fundi aliizungusha fimbo akitafuta Mshale Mkubwa, asiuone, akazungusha tena, akazungusha hata mwenye ukumbi, mzee wa miwani miwili, mmoja puani na mmoja kipajini, akauliza kama anakoroga kitu. Mipira aliyoipiga kwenda kushoto ilikwenda kulia. Mmoja uliruka ukaingia kwenye ndoo ya kupigia deki, ukahesabiwa kosa. Kinyozi akashinda mchezo ule akiwa ananywa chai.

Labda mtasema, kushindwa si kitu, mpira ni wa kuzunguka. Subirini! Katika ukumbi ule palikuwa na sheria ya kale, iliyotungwa ili wanaume waache kugombana. Watu wawili wakiwa na habari moja ya pamoja, na kila mmoja anaisimulia kivyake, basi aliyeshinda mchezo wa mwisho kati yao ndiye mwenye habari. Huyo husimulia apendavyo, popote watakapokuwa, na mwenzake hukaa akitikisa kichwa kukubali, hata ikisemwa kwamba mpira ulipaa ukatua juu ya mwezi. Mwenye ukumbi aliifupisha hivi: "Mshindi kazi yake mdomo, mshindwa kazi yake shingo."

Na Fundi na Kinyozi walikuwa na habari ya pamoja. Miaka sita nyuma, katika mchezo wa kugombea kikombe cha ukumbi, Fundi alibakiwa na mpira mweusi, mbali, upande wa pili wa meza. Akapandisha mguu mmoja juu ya meza, akajinyoosha. Akapiga. Mpira ukaingia, safi, bila kugusa ukingo. Lakini kabla haujaingia, suruali yake, aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe, ilipasuka nyuma toka kiunoni hata kusikosemeka, kwa mlio uliomtoa mwuza magazeti ng'ambo ya barabara. Fundi aliposimulia habari hii, alisimulia mpira. Kinyozi aliposimulia, alisimulia suruali. Kwa miaka miwili ya karibuni Fundi hakushindwa na shemeji yake, na watu wakaanza kusahau kwamba siku ile alikuwa amevaa suruali.

"Sasa habari ni yangu," akasema Kinyozi, akifuta midomo. "Na Jumapili si wanakuja wakwe?"

Moyo wa Fundi ukashuka ukakaa kwenye soksi. Ni kweli, Jumapili walikuwa wanakuja wakwe wapya, wazazi wa kijana atakayemwoa kitindamimba wake. Wangekula mchana, na baada ya kula wangetoa neno: je, suti za bwana harusi na wasindikizaji wake wanane zishonwe na baba wa binti, au zipelekwe kwa fundi mwingine? Fundi alikwisha kuota zile kola. Alikwisha kuota baba wa bwana harusi akishuka kwenye gari ndani ya koti lake.

"Shemeji," akasema polepole, "mbele ya wakwe?"

"Nitaanza na mlio," akasema Kinyozi. "Praaaa! Hivyo. Halafu nanyamaza kidogo."

"Nipe mchezo mwingine. Jumamosi."

"Nakupa. Ila uje na fimbo, usije na mfupa."

Hivyo vita vikatangazwa.

Jumatano Fundi akaenda kwa jirani yake Seremala. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, kwa sababu mdomoni mwake daima mlikaa misumari mitano, na kila neno lilimgharimu msumari. Akaitazama fimbo muda mrefu. Akatoa msumari wa kwanza.

"Umeiosha?"

"Nimeiosha."

Seremala akafumba macho kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Akatoa msumari wa pili. "Masizi." Wa tatu. "Unga wa jasi kidogo, ushike." Wa nne. "Mafuta ya kitani." Akatoa na wa mwisho. "Changanya uji mzito, paka mwili mzima mpaka uingie mishipani, ngoja upoteze mng'aro, futa."

"Nifute vipi?"

Seremala akamtazama. Akairudisha misumari mdomoni, mmoja baada ya mwingine, na kwa pembe ya mdomo akasema, "Kufuta ni kufuta, Fundi. Hata mtoto anajua kufuta."

Jasi na mafuta Fundi aliyapata duka la vifaa vya ujenzi. Lakini masizi! Masizi hayauzwi, masizi huzaliwa, hulelewa, hukomaa. Na katika nyumba ile masizi ya kweli yalikuwa na ngome moja tu: kitako cha Sufuria Kuu, ambayo Mama Watoto aliipikia kwa kuni uani kwa miaka kumi bila kukisugua kitako chake, akisema ni weusi huo unaoshika moto. Alhamisi asubuhi Fundi akaisogelea ngome kwa kisu cha kupakia siagi.

"We Baba Watoto! Unaifanyia nini sufuria yangu?"

"Nakwangua kidogo tu, mke wangu. Vijiko vitatu."

"Ukinitobolea hiyo, utanishonea nyingine kwa kitambaa. Na mkononi umeshika kisu changu cha siagi!"

"Nitakiosha."

"Usikioshe! Nimeona unavyoosha."

Akakwangua. Masizi yalipigana kishujaa. Yalimwingia puani, yakamwingia kope, yakateka shati lake na kusimika bendera kwenye kipara. Alipotoka uani na kijiko cha tatu kimejaa, mteja aliyefuata sketi yake alimwona, akasema atarudi wiki ijayo.

Akailaza fimbo juu ya meza ya kukatia, juu ya taulo. Akaifunga pete ya shaba utepe wa karatasi kama unavyomfunga mtoto kitambaa shingoni asijichafue. Akachanganya uji, mweusi, mzito kama dawa ya viatu. Ndipo akanyoosha mkono, akaiambia fimbo maneno haya, na cherehani ni shahidi:

"Ewe uliyeniingizia mipira elfu, uliyesimama nami nilipokuwa sina suruali! Nilikuvua kwa ujinga, nakuvika kwa utii. Kunywa weusi huu, mishale irudi. Na kama kuna lawama, iangukie sabuni."

Akapaka. Fimbo yote ikawa nyeusi, toka shingoni hata mkiani, kama usiku uliopewa umbo. Akangoja. Mng'aro ukafifia, ukungu ukatanda juu yake, kama Seremala alivyosema. Wakati ulikuwa umetimia. Akachukua kitambaa laini cha pamba, bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, akakikunja mara nne, na kwa mkono wa mtu aliyepangusa hariri miaka thelathini na minne akafuta: mkupuo mmoja mrefu, toka shingoni hata mkiani, kwa kufuata uzi.

Weusi wote ukatoka.

Fimbo ikabaki nyeupe, inamtazama.

Pengine haukuingia vizuri, akajiambia. Akapaka mara ya pili, akikandamiza kwa kidole gumba. Akangoja. Akafuta, taratibu zaidi, kwa upole zaidi, kwa kufuata uzi kwa unyoofu ambao hata rula ingeuonea haya. Weusi ukatoka wote, pamoja na mabaki ya mara ya kwanza. Mara ya tatu aliijaribu Ijumaa asubuhi, amebana pumzi. Ukatoka. Sasa kitambaa kilikuwa cheusi, mikono myeusi, meza nyeusi, na katika chumba kile kitu pekee kilichokuwa cheupe ni fimbo.

Fundi akaketi sakafuni. Masizi yalibaki nusu kijiko. Masikioni alisikia mlio: praaaa. Halafu kunyamaza kidogo.

Jikoni, upande wa pili wa ukuta, Mama Watoto alikuwa amemaliza kukanda unga wa mkate wa wakwe. Akapita mlangoni na kitambaa cha mezani begani, akasimama. Akamtazama mumewe, akaitazama fimbo, akakitazama kitambaa kilichokunjwa mara nne. Akaelewa yote.

"Kitendawili!" akasema.

Fundi akafuta masizi kopeni.

"Nimesema kitendawili, Baba Watoto."

"Mke wangu, hapa kuna msiba."

"Msiba haukatazi kutega. Kitendawili!"

"Tega," akasema, kwa sauti ya mfalme anayetoa funguo za lango.

"Ukinifuata, nakufuata. Ukinikata njia, nabaki nyumbani."

Fundi akafikiri. "Paka."

"Paka hubaki nyumbani kwa sababu zake mwenyewe. Siye."

"Kivuli."

"Kivuli umekikatia njia wapi?"

"Ndugu yako Kinyozi."

"Huyo hata umkate njia anakufuata. Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Maana ndivyo ilivyo tangu kale: aliyeshindwa kutegua hutoa mji, ndipo afunuliwe.

"Nakupa mji wenye kuta saba na bustani arobaini," akasema Fundi.

"Nani atafagia bustani arobaini? Sitaki."

"Nakupa mji ambao umeme haukatiki."

"Huo haupo. Usinipe vitu vya kubuni."

"Basi taja mwenyewe, unataka mji gani?"

Mama Watoto akashusha kitambaa begani. "Nipe Jumapili. Kesho ukishinda, ile habari ya suruali ni yangu. Mbele ya wakwe nitasimulia mimi."

Nchi ikamzunguka Fundi. Maana siku ile suruali ilipopasuka, mkewe alikuwapo ukumbini; na katika wote waliocheka, ni yeye aliyecheka mpaka akakaa chini, akabebwa na wanawake wawili. Angesimulia nini? Angeanza na mlio? Lakini asipotoa mji, hapana jibu. Na bila jibu hapana mshale. Na bila mshale, mlio ungekuja tu, kwa mdomo wa Kinyozi. Huku simba, huku mke wake. Akamchagua mke.

"Nakupa," akasema.

"Nimeufikia, nimekaribishwa, nimekaa," akajibu, kama iwapasavyo wapewao miji. "Sasa inuka."

Akampeleka jikoni. Meza yake ya kukandia ilikuwa ya mbao za zamani, na katikati ilikuwa na ufa mrefu uliojaa unga. Akafuta kwa kufuata ufa: unga ukatoka, ukaja na kitambaa. Akanyunyiza mwingine, akaujaza, kisha akafuta kwa kukata ufa, toka upande huu kwenda ule. Juu ya mbao pakawa safi. Ndani ya ufa unga ulibaki, umelala, wala haukugeuka.

"Miaka yote hii mimi nataka utoke," akasema, "ndiyo maana nafuata ufa. Wewe unataka ubaki. Sasa na wewe unafuata nini?"

Fundi akauinamia ufa. Enyi msikilizao, msidhani ni jambo jepesi! Ni rahisi kumwambia jemadari apande mlima. Ni vigumu kumwambia fundi cherehani akate njia ya uzi. Akarudi chumbani. Akapaka ile nusu kijiko ya mwisho, akiinyoosha kama maskini anyooshavyo siagi. Akangoja ukungu. Kitambaa laini akakitupa, akachukua kipande cha gunia.

"Sheria yangu," akanena, "nimekutumikia tangu nina nywele. Leo nakuomba utazame dirishani."

Akakata. Akakata njia ya uzi! Akalizungushia gunia kwenye fimbo kama mtu anayekausha shingo ya mtoto, akasugua kwa kuzunguka, kidole baada ya kidole, akishuka. Na pale gunia lilipopita, mwili ulibaki mweupe na mishipa ikabaki myeusi. Kwanza mstari mmoja, mwembamba kama unywele. Kisha wa pili. Kisha ikakutana, ikafanya ncha, mshale! Ndani yake mwingine! Wakapanda mmoja baada ya mwingine kama jeshi litokalo ukunguni na mikuki yake, na mwisho wao, karibu na mkono, Mshale Mkubwa, mweusi ti, akitazama dari kana kwamba hakuwahi kuondoka.

"Mama Watoto!" akapiga kelele. "Njoo uone!"

"Naona," akasema aliyekuwa mlangoni muda wote. "Usiioshe."

Mchana kutwa aliiacha ikauke, akaipitishia msasa laini kama pumzi, akaisugua kwa tone la mafuta na kiganja mpaka kiganja kikapata moto.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Kinyozi alitangulia, akaongoza, akasema mengi. Lakini Fundi kila alipoinama alimgeuza Mshale Mkubwa juu, akafumba jicho, na mipira ikaenda ilikotumwa kama watoto waliolelewa vizuri. Mwisho ukabaki mpira mweusi. Na uko wapi? Mbali, upande wa pili wa meza, palepale pa miaka sita iliyopita.

Fundi akapandisha mguu mmoja juu ya meza. Akajinyoosha. Hapana mtu aliyetazama mpira. Watu wote arobaini walitega masikio nyuma yake. Mwenye ukumbi alishusha miwani yote miwili. Mwuza magazeti alikuja mlangoni.

Suruali ikanyamaza. Mpira ukaingia.

"Mshindi mdomo," akasema mwenye ukumbi, "mshindwa shingo." Kinyozi akatupa chaki yake kwenye ndoo ya deki.

Jumapili wakala. Vyombo vilipoondolewa, baba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye heshima, akajikohoza. "Tumesikia," akasema, "kwamba kuna habari fulani. Ya suruali. Mtu alitudokeza tu alipokuwa akininyoa."

Fundi akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama dari. Kisha macho yote yakamgeukia Mama Watoto, kwa sababu yeye ndiye aliyeinuka.

"Habari hiyo ni yangu," akasema. "Na ni ya aibu yangu. Siku zile mume wangu alikuwa na kazi za watu mpaka kooni, na mwenye kuwavika wengine hana wa kumvika. Nikamwonea huruma. Nikasema, suruali hii ya mchezo nitamshonea mimi. Nikachukua sindano, nikashona mshono wa nyuma kwa mkono wangu huu." Akauinua, watu wauone. "Na uzi nilioutumia ni ule dhaifu wa kutarizia mito. Siku ya mchezo ukakatika. Yeye kwa kunisitiri hakusema neno, akaubeba mzigo miaka sita. Si kweli, ndugu yangu?"

Kinyozi alifumbua mdomo. Alijua, kama alivyojua jina la mama yake, kwamba dada yake hakushika sindano tangu siku ya tatu ya ndoa. Alijua kwamba hata kifungo cha gauni alilovaa muda ule alishonewa. Mdomo ukabaki wazi, hewa ikaingia, hewa ikatoka. Lakini mshindi alikuwa amempa mkewe habari, na sheria ni sheria.

Akatikisa kichwa.

"Mara moja tu?" akauliza Mama Watoto kwa upole.

Akatikisa tena, mara mbili, kwa nguvu, hata wakwe wakasema kijana huyu ni mkweli sana.

"Basi fundi mwenyewe ni mzima," akasema baba wa bwana harusi.

"Mzima kabisa. Mwenye makosa ni mimi."

Mzee yule akasukuma kiti nyuma, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono kando kama mtu anayekamatwa.

"Nipime," akasema.

Mwenye Mita Shingoni akaivuta mita. Aliizungusha kwenye kifua kile kipana, na alipochungulia juu ya bega la mkwe, aliiona fimbo yake ukutani juu ya cherehani, mishale yote imesimama. Na chini yake mkewe, amekaa na mikono mapajani, amefumba jicho la kushoto.

Na ikumbukwe na vizazi, iwekwe pamoja na siku za kuanguka kwa ngome na kutawazwa kwa wafalme, kwamba wiki ile, katika nyumba ile, mtu alikata njia ya uzi na weusi ukabaki nyumbani. Sufuria Kuu ina baka jeupe kitakoni hata leo. Hapa uzi umefika pindoni. Unapigwa kifundo, unakatwa kwa meno.